Mahali pa kulenga mnyama mkubwa: Risasi ikikosea moyo, madhara huwafika wengi

Katika makaburi ya Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, si mbali na kaburi la Lord Baden-Powell, mwasisi wa chama cha maskauti, amezikwa mwindaji mashuhuri Jim Corbett. Mzaliwa huyo wa India alihamia humu nchini mwaka wa 1947 na kufariki mwaka wa 1955. Sifa zake zilitokana na kuwaua chui na chui milia waliokuwa wakila watu katika milima ya Kumaon, kaskazini mwa India. Wa kwanza alikuwa chui milia jike wa Champawat, aliyeuawa mwaka wa 1907 baada ya kudaiwa kuwaangamiza watu 436 nchini Nepal na India.

Alipoukagua mzoga, Corbett alibaini kwamba meno mawili ya chonge ya upande wa kulia yalikuwa yamevunjika. La juu lilikuwa limekatika nusu, na la chini lilikuwa limevunjika hadi kwenye mfupa. Lilikuwa jeraha kuukuu la risasi. Kwa maoni yake, mnyama huyo alishindwa kuwakamata wanyama aliozoea kuwala, ndipo akawageukia binadamu. Katika maandishi yake Corbett alirudia mara nyingi kwamba wengi wa wanyama hao walikuwa wamejeruhiwa na watu waliofyatua risasi ovyo, kisha wakakosa kuwafuata na kuwamaliza.

Basi mahali risasi inapotua si suala la mwindaji na mnyama wake pekee. Mnyama aliyejeruhiwa na kuachwa huteseka, na pengine huwatesa wengine wasiojua lolote kuhusu aliyevuta kifyatuzi: mchungaji anayepita kichakani asubuhi, mwanamke aendaye kuteka maji, mtoto aliye njiani kwenda shuleni.

Humu nchini, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwezi Mei mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na vinyago vinavyotokana na wanyamapori ikakomeshwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliudumisha msimamo huo. Msomaji anaweza kuuliza, je, ya nini basi kuzungumzia mahali pa kumlenga nyati au ndovu?

Sababu zipo. Kwanza, maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) wangali wanalazimika kumpiga risasi mnyama aliyeua mtu au anayekaribia kufanya hivyo, na kazi hiyo aghalabu hufanyika kwa haraka, katikati ya umati wa watu wenye hasira. Pili, majirani zetu wanaruhusu uwindaji. Tanzania ina vitalu vya uwindaji wa kitalii vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), nayo Uganda ilianza mradi wa majaribio mwaka wa 2001 kandokando ya Ziwa Mburo. Wanyama hawajui mipaka. Kuanzia Septemba 2023, ndovu dume kadhaa wenye pembe kubwa waliuawa na wawindaji wenye vibali katika eneo la Enduimet, ng'ambo ya Amboseli, na kilio kikasikika upande huu wa mpaka. Iwapo ndovu hao walistahili kuuawa hata kidogo ni mjadala mwingine, na mwandishi huyu ana maoni yake. Hapa tunachunguza jambo finyu zaidi: pindi uamuzi wa kuua unapokuwa umefanywa, mnyama ana haki ya kufa vipi?

Jinsi mnyama anavyokufa

Watu wengi hudhani risasi huua kwa kishindo chake, kwamba kadiri bunduki inavyokuwa kubwa ndivyo mnyama anavyoanguka upesi. Hii ni dhana potovu. Mnyama mkubwa hufa kwa njia mbili tu zilizo za haraka. Ama ubongo wake au uti wa mgongo sehemu ya shingoni huharibiwa, na mwili wote ukazimika papo hapo. Ama damu humwishia, ubongo ukakosa hewa safi na fahamu zikapotea.

Njia ya pili ndiyo inayotegemewa na wawindaji wengi, nayo ina hesabu yake. Damu ya mnyama ni takriban asilimia saba au nane ya uzani wake. Nyati wa kilo 700 ana damu ya takriban lita 50. Hata moyo ukichanwa kabisa, ubongo husalia na hewa ya kutosha kwa muda wa sekunde kumi au zaidi, na katika sekunde hizo mnyama mwenye nguvu anaweza kukimbia mita 100. Ndiyo maana swara aliyepigwa moyoni huchomoka mbio kama kwamba hakuguswa. Asiyelijua hilo hudhani amekosa shabaha, akaondoka zake na kumwacha mnyama amekufa nyuma ya kichaka cha pili.

Mapafu nayo huua kwa uhakika, ila kwa muda mrefu kidogo kuliko moyo. Ini huua, lakini polepole. Tumbo na utumbo ndilo balaa lenyewe: mnyama anaweza kuishi kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, huku uchafu wa tumboni ukiozesha nyama zake angali hai. Utafiti wa wanasayansi wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka wa 2018 ulithibitisha jambo ambalo wawindaji wakongwe walilijua kwa uzoefu, kwamba kadiri mnyama anavyokuwa mzito ndivyo muda wa kuishiwa na nguvu unavyorefuka, na ndivyo anavyokimbia mbali zaidi baada ya kupigwa. Kosa dogo ambalo lingesameheka kwa paa huwa kubwa kwa nyati.

Theluthi ya chini

Katika wanyama wengi wa Afrika wenye kwato, moyo umekaa chini na mbele kuliko wanavyotarajia wageni waliozoea kuwinda Ulaya na Marekani. Umejificha baina ya miguu miwili ya mbele, na mapafu yameuzunguka kwa juu na nyuma. Mgeni aliyezoea kulenga nyuma ya bega hupiga ncha ya mapafu, na akiteleza kidogo tu kuelekea nyuma, risasi huingia tumboni. Daktari wa mifugo wa Zimbabwe, Kevin Robertson, alitoa kitabu kizima kuhusu suala hili mwaka wa 1999, chenye michoro ya mifupa na viungo vya ndani vya kila mnyama, kwa sababu aliamini kwamba wawindaji hulenga ngozi badala ya kulenga kilichomo ndani yake.

Kanuni inayofundishwa ni rahisi kuisimulia. Mnyama akisimama ubavu, macho ya mwindaji yafuate mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, katikati yake, hadi yafike theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili. Hapo ndipo penye sehemu ya juu ya moyo na mishipa mikuu ya damu inayotoka humo. Uzuri wa mahali hapo ni kwamba panasamehe. Risasi ikipanda kidogo hukuta mapafu. Ikishuka kidogo hukuta moyo wenyewe. Ikienda mbele huvunja bega. Ikirudi nyuma kwa upana wa kiganja, bado itapita mapafuni. Hakuna sehemu nyingine ya mwili wa mnyama inayompa binadamu nafasi ya kukosea kiasi hicho.

Ugumu huja mnyama asiposimama ubavu, na wanyama hawasimami kwa ajili yetu. Hapa ndipo mwindaji hupaswa kuacha kuutazama mwili kama picha iliyobandikwa ukutani. Aufikirie moyo kama chungwa kubwa lililoning'inia katikati ya kifua, kisha ajiulize risasi ipite wapi ili ilifikie. Mnyama akiwa amegeuka kidogo kumpa mwindaji kisogo, risasi huingia nyuma zaidi kwenye mbavu, ielekee mguu wa mbele wa upande wa pili. Hiyo ni nafasi nzuri kwa swara na pofu, ila kwa nyati ina walakini, maana tumbo lake kubwa lililojaa nyasi mbichi huweza kuizuia risasi kabla haijafika kifuani. Mnyama akimkabili mwindaji kwa pembe, mlango wa kuingilia ni baina ya bega na shingo. Akimkabili ana kwa ana, ni pale shingo inapokutana na kifua, mradi mnyama ametulia na umbali ni mfupi.

Akiwa ameugeuza mgongo kabisa, asipigwe. Kuna wanaojitetea kwamba bunduki yao ina nguvu za kupenya kutoka nyuma hadi mbele. Risasi hiyo hupita kwanza kwenye paja, utumbo, tumbo na ini, na mara nyingi haifiki inakopaswa kufika. Isipokuwa ni mnyama aliyekwisha kujeruhiwa anayetoroka, ambaye lazima azuiwe kwa njia yoyote, hakuna sababu ya kuipiga.

Vivyo hivyo kwa kichwa na shingo ya swara. Wapo wapendao kulenga kichwa ili kuonyesha umahiri wao, au kuepusha nyama isiharibike. Ubongo wa swara ni mdogo, na kichwa ndicho kiungo kisichotulia hata kidogo. Risasi ikipungua sentimita chache huvunja taya. Mnyama hukimbia akiwa na afya tele mwilini, kisha hufa kwa njaa na kiu baada ya siku nyingi kwa kuwa hawezi kutafuna. Chui milia wa Champawat alivunjwa meno mawili tu.

Nyati na simba

Nyati anahitaji kutajwa peke yake. Nundu ya mabega yake inatokana na miiba mirefu ya mifupa ya mgongo, na uti wa mgongo wenyewe hupita chini kuliko inavyoonekana kwa nje. Anayelenga katikati ya kimo cha mwili karibu na bega tayari yuko juu mno. Risasi inayopita juu ya uti hugusa nyama na mifupa isiyokuwa na uhai. Nyati huanguka kwa mshtuko, mwindaji hushangilia, kisha nyati husimama na kuingia kichakani. Mbavu zake ni pana na zimekaribiana, na pembe zake zilizoungana utosini ni ngao dhidi ya risasi inayopigwa kutoka mbele.

Nyati aliyejeruhiwa huingia kwenye kichaka kinene, na wakati mwingine hugeuka na kusimama kando ya njia aliyopita akiwangoja wanaomfuata. Kwa sababu hiyo wawindaji wazoefu huwa hawaridhiki na risasi moja. Ikishatoka ya kwanza, ya pili na ya tatu hufuata maadamu mnyama amesimama na hakuna mwingine nyuma yake. Mshiko wa maneno ya kujigamba kwamba "nilimwangusha kwa risasi moja" hauna maana kwa nyati. Dalili inayosubiriwa ni mlio mrefu wa huzuni anaoutoa mara nyingi anapokata roho, na hata baada ya hapo humkaribia kutoka nyuma na kumpiga tena kabla ya mtu yeyote kumgusa.

Jambo jingine kuhusu nyati ni kwamba huishi katika makundi. Risasi ngumu isiyopasuka huweza kumpenya mmoja na kumjeruhi wa pili aliye nyuma yake, na huyo wa pili hakuna anayemhesabu wala kumfuata. Mwindaji mwadilifu hungoja hata nusu saa hadi dume analomtaka litengane na wenzake. Lisipotengana, hurudi kambini mikono mitupu.

Simba na chui wameumbwa tofauti kidogo. Moyo wao umesogea nyuma zaidi kuliko wa wanyama wenye kwato, hivyo shabaha hupelekwa nyuma kidogo ya bega badala ya katikati ya mguu. Mwili wao ni mwepesi na mifupa yao si minene, lakini hasira yao wakijeruhiwa inajulikana. Historia ya reli yetu inatoa ushahidi. Simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898 hawakufa kwa urahisi. Mhandisi John Henry Patterson aliwapiga gizani, akiwa juu ya jukwaa la miti au juu ya mti, na simba wa pili alipata majeraha kadhaa kwa siku tofauti kabla ya kuanguka mwezi Desemba. Patterson hakuwa na jinsi; watu walikuwa wakiliwa. Lakini kisa hicho chaonyesha ni kiasi gani cha risasi mnyama wa kilo zisizofika 250 anaweza kukistahimili zisipofika panapotakiwa. Ngozi za simba hao zingali katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago.

Kuhusu kiboko, ambaye huwasumbua sana wakazi wa kandokando ya maziwa na mito yetu, tatizo ni kwamba aghalabu kichwa tu ndicho kinachoonekana juu ya maji. Hapo ni ubongo au basi. Akifa huzama, na mzoga huibuka baada ya saa moja au zaidi gesi zikijaa tumboni, kwa hivyo aliyepiga hukaa ukingoni bila kujua ameua au amejeruhi.

Fuvu la ndovu

Hakuna mnyama ambaye mahali pake pa kulenga pamechunguzwa kwa kina kama ndovu, na sababu yake haipendezi. Biashara ya pembe ndiyo iliyowafanya watu wamchunguze. W. D. M. Bell, Mskoti aliyejulikana kama Karamoja Bell kwa kuwa aliwinda sana eneo la Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu 1,011. Wengi wao aliwapiga kwa bunduki ndogo ya kipenyo cha milimita 7, ambayo leo haingeruhusiwa kisheria kwa ndovu karibu popote. Siri yake haikuwa bunduki. Alipasua mafuvu kwa msumeno akaangalia ubongo umekaa wapi na unafikiwa kutoka pembe gani, hata ndovu anapomwacha mwindaji nyuma yake.

Fuvu la ndovu si mfupa mmoja mnene. Sehemu kubwa yake ni vyumba vidogo vidogo vya hewa mithili ya sega la nyuki, na ubongo wa kilo zipatazo tano umekaa chini na nyuma kabisa, baina ya matundu mawili ya masikio. Uso mpana tunaouona unapotazamwa kutoka mbele karibu wote hauna kitu cha kuua. Risasi inayotua humo hupotea katika sega hilo, na ndovu huondoka na maumivu ya kichwa na usaha.

Ili kuupata ubongo, mwindaji hufundishwa kufikiria kijiti kilichopenya kutoka tundu la sikio moja hadi la pili. Risasi lazima ikikate kijiti hicho katikati, haidhuru inatoka upande gani. Kutoka ubavuni, hilo humaanisha mbele kidogo ya tundu la sikio. Kutoka mbele, mahali pa kuingilia hubadilika kila mara. Ndovu akiinua kichwa, risasi huingia chini zaidi, karibu na shina la mkonga. Akikiinamisha, hupanda hadi kipajini. Mwindaji naye akisogea karibu, risasi yake hupanda kwa mwinuko mkali zaidi, kwa hiyo lazima alenge chini zaidi. Hesabu hizo zote hufanywa huku mnyama wa tani tano akitembea.

Ubongo ukipatikana, miguu ya nyuma hukunjika kwanza na kichwa kurushwa juu. Iwapo kichwa na miguu ya mbele ndivyo vilivyotangulia kuanguka, ndovu amezimia tu na huenda akainuka baada ya dakika chache. Walioshindwa kutofautisha hali hizo mbili, wakamsogelea kupiga picha, wengine hawakurudi.

Moyo wa ndovu ni shabaha kubwa zaidi, nao uko chini, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele. Risasi iliyotua hapo ina uhakika kuliko ile ya kichwani, ila mnyama hukimbia kabla ya kuanguka. Mtu asiyekuwa na ujuzi wa Bell heri achague moyo. Na tusimtukuze Bell kupita kiasi. Ndovu wake hawakuteseka sana, lakini walikuwa 1,011.

Kabla ya wageni hao kufika, wenyeji walikuwa na maarifa yao. Waata wa nyika ya Tsavo, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde mrefu na mshale uliopakwa sumu ya msunguti. Sumu hiyo huushambulia moyo, lakini ni lazima ifike kwenye damu ikiwa bado mbichi na kali. Kwa hiyo Mwaata alinyemelea hadi hatua chache tu kutoka kwa ndovu. Maisha yake yalikuwa rehani kwa usahihi wa mshale mmoja, jambo ambalo mwenye bunduki ya darubini halijui. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa dhidi yao na wengi wakafungwa jela, ilhali wageni wenye leseni waliendelea kuwinda ndovu kwa miaka mingi zaidi.

Kutopiga, na kufuata

Bunduki yenyewe ina nafasi yake katika maadili haya, japo tutaitaja kwa ufupi. Nchi nyingi za Afrika huweka kipenyo cha .375 kuwa cha chini kabisa kwa wanyama hatari. Risasi ya kichwa laini hupanuka ndani ya simba na swara. Risasi ngumu hutumika kwa ndovu ili isivunjike njiani. Lakini bunduki kubwa ambayo mwenyewe anaiogopa huzaa balaa, kwa sababu mtu anayetarajia teke la bunduki begani hufumba macho na kuvuta kifyatuzi kwa pupa. Afadhali bunduki ya wastani ambayo ameizoea.

Sheria ya Tanzania inakataza kuwinda kutoka kwenye gari au mita zisizozidi 200 kutoka kwa gari, na inakataza kuwinda usiku. Wengi huona makatazo hayo yanahusu ushindani wa haki kati ya mtu na mnyama. Yanahusu pia shabaha. Anayetembea kwa miguu kutwa hupata muda wa kumtazama mnyama, na asiyepiga gizani huweza kuona risasi yake imetua wapi. Nchini Norway, anayetaka kuwinda wanyama wakubwa sharti afaulu mtihani wa shabaha kila mwaka, risasi tano kwa umbali wa mita 100, na awe na njia ya kupata mbwa aliyefunzwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa. Mtihani wa aina hiyo si mgumu kuanzishwa popote penye vitalu vya uwindaji, wala si mgumu kuanzishwa kwa askari wetu wanaotumwa kuwazuia wanyama vijijini.

Chama cha Wawindaji Wataalamu wa Afrika Mashariki, kilichoasisiwa Nairobi mwaka wa 1934 na kuvunjwa baada ya marufuku ya 1977, kiliwatambua wanachama wake kwa jambo hili kuliko mengine: mteja akijeruhi mnyama hatari, mwenyeji wake ndiye aingiaye kichakani kummaliza. Mteja aliweza kubaki garini. Mwindaji mtaalamu hakuweza.

Ufuatiliaji huanza kwa kungoja. Baada ya kumpiga nyati, timu hukaa kimya kwa robo saa hadi nusu saa, kwani mnyama asiyefukuzwa hulala na kutokwa na damu, ilhali anayesikia nyayo hupata nguvu mpya. Kisha hutazamwa pale alipokuwa amesimama. Damu nyepesi ya rangi ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Hapo huenda mzoga uko mita chache mbele. Damu nyeusi na nzito yaelekea ni ya ini. Damu kidogo iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa na harufu kali ni ya tumbo, na wote hujua kuwa siku itakuwa ndefu. Unywele uliokatwa na risasi nao husema kitu: mweupe na laini ni wa tumboni, mfupi na mweusi ni wa begani.

Katika kazi hii anayeheshimiwa si mwenye bunduki bali mfuatiliaji wa nyayo, ambaye jina lake mara nyingi halimo kwenye picha wala vitabuni. Yeye hutangulia akiwa ameinamisha macho, na nyuma yake wenye bunduki hutazama mbele na pande zote, kwa kuwa mtu hawezi kuzisoma nyayo na kumtazama nyati kwa wakati mmoja. Hakuna azungumzaye.

Kampuni nyingi za uwindaji kusini na mashariki mwa Afrika zina desturi kwamba tone la damu likionekana ardhini, mteja humlipia mnyama huyo kana kwamba amemwangusha, na huhesabiwa katika idadi aliyoruhusiwa hata mzoga usipopatikana. Desturi hiyo huwafanya wateja wafikiri mara mbili kabla ya kujaribu risasi ya mbali. Lakini malipo hayamalizi kazi. Jua likizama kabla mnyama hajapatikana, mfuatiliaji hukata tawi bichi na kulilaza pale alipoiona alama ya mwisho ya damu, ili kukipambazuka waanzie hapo.